Tarehe Mpya kwenye Fomu ya Zamani

Jina la Kufuli alilipata kwa sababu ya sukari. Mwaka wake wa kwanza pale ofisini aligundua kwamba kopo la sukari linakauka kila Jumatano, akalifunga kwa kikufuli kidogo cha sanduku la shule na ufunguo akauning'iniza kwenye mkanda wa suruali. Mtu akitaka kijiko kimoja, anapeleka maombi. Walimcheka mpaka wakachoka. Kisha bosi akasema mtu anayelinda sukari namna hii anafaa kupewa kitu cha maana zaidi cha kulinda, akampa kazi ya ukaguzi.

Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vioo, na ngazi iliyolalamika kila ilipokanyagwa. Walitengeneza tovuti za watu wa kawaida: vinyozi, wauza matairi, shule za udereva. Sasa tovuti haizaliwi ikijua kila kitu. Ukitaka ipokee maombi ya miadi, au ioneshe picha zikipishana, unaichomekea plagini, yaani kijiprogramu ambacho mtu mwingine, huko aliko, amekitengeneza na kukiweka mtandaoni watu wajichukulie. Wengi wanachukua tu, kama embe la njiani. Kufuli hakuwa wengi.

"Plagini ni mgeni," alikuwa akisema. "Ukimpa kitanda, umempa na ufunguo wa jikoni. Angalau muulize baba yake ni nani."

Alikuwa na fomu yake ya maswali tisa, ya karatasi, kwa sababu aliamini mtu husema uongo kwa wepesi zaidi kwenye skrini. Nani ameitengeneza? Je, bado iko mikononi mwa yuleyule? Ilirekebishwa mara ya mwisho lini? Wanaoitumia wanalalamikia nini? Imewahi kukutwa na tundu, na tundu likazibwa baada ya siku ngapi? Inaomba ruhusa ya kugusa nini? Aliendelea hivyo mpaka la tisa, ambalo lilikuwa roho ya fomu nzima: imekaa siku mbili kwenye tovuti ya majaribio, na katika siku hizo imeongea na nani huko nje? Baada ya hapo tarehe, sahihi, na muhuri aliojichongea kwa fundi, wenye picha ya kufuli. Bila muhuri ule hakuna plagini iliyopanda kwenye tovuti ya mteja.

Na kulikuwa na Makaburini. Hilo lilikuwa jina la ubao wa matangazo karibu na mlango, ambapo Kufuli alibandika fomu za plagini alizozikataa, kila moja na wasifu wa marehemu alioutunga mwenyewe. "Alikuwa mpole, hakusasishwa miaka minne, ameacha wajane elfu kumi." Wageni walisimama kusoma wakicheka. Hata mjumbe wa kuleta barua alikuwa akiuliza, leo nani kazikwa?

Siku moja alimzika mtu mzima. Mchoraji, mwanamke aliyepamba kurasa zote zilizotoka pale, alichomeka plagini ya maua yanayodondoka kwenye tovuti ya muuza mashuka, bila kupitisha fomu. Haikuleta madhara yoyote. Ilikuwa chafu kidogo tu, ikaondolewa. Lakini Kufuli aliandika wasifu wa nusu ukurasa, na marehemu hakuwa plagini safari hii. "Hapa imelala akili ya Mchoraji, iliyofunikwa na maua ya bure. Tulimpenda, ila hakuuliza maswali." Ofisi nzima ilicheka. Mchoraji naye alicheka, kwa meno. Karatasi ile ilikaa ubaoni miezi mitatu.

Basi nyani haoni kundule. Tusonge mbele.

Kufuli alilelewa na shangazi yake, dada wa baba, tangu akiwa na miaka tisa. Shangazi alikuwa mkunga, na uzeeni alifungua zahanati yake ndogo ya akina mama: chumba cha kupimia, chumba cha kujifungulia, ukumbi wenye benchi refu, na dirisha la mapokezi ambapo karani alikaa. Shida ilikuwa lile dirisha. Mwanamke alitakiwa ainame aseme shida yake kwenye kitundu cha kioo, na benchi lote nyuma yake linanyamaza ghafla, kila mtu anatazama kucha zake. Wengine walikuwa wakifika mlangoni, wanaliona benchi, wanarudi.

Kufuli ndiye aliyemshawishi awe na tovuti. Mwanamke ataandika kwa simu yake, akiwa kwake: nina tatizo hili, nahitaji kuonana nawe siku fulani. Shangazi hakupenda. Yeye siri za watu aliziandika kwenye daftari kubwa, daftari likakaa ndani ya mtoto wa meza, na ufunguo akauvaa shingoni kwa kamba.

"Hicho kitu chako kina ufunguo?" aliuliza.

"Ufunguo ni mimi, Shangazi. Nitakikagua kwa mkono wangu."

"Haya, baba." Alimwita baba, maana alibeba jina la babu yake. "Ukisema umekagua, umekagua."

Plagini ya kupanga miadi ilihitaji siku mbili za majaribio. Lakini Alhamisi ile ambayo tovuti ilitakiwa kufunguliwa, Kufuli alikuwa na jambo kubwa zaidi kichwani. Mchana wake alialikwa kuzungumza mbele ya watengeneza tovuti sitini, kwenye ukumbi wenye kipaza sauti. Mada: jinsi ya kukagua plagini kabla ya kuichomeka. Wiki nzima alikuwa akinoa vichekesho. Asubuhi ile alikumbuka kwamba ya Shangazi hajaigusa. Akafungua kabati, akatoa fomu ya plagini ileile aliyoikagua miaka miwili nyuma kwa ajili ya shule ya udereva. Iliyatosheleza maswali yote tisa. Mtengenezaji alikuwa bwana mmoja mwenye picha ya mbwa wake, anayejibu barua siku hiyohiyo. Kufuli akainakili fomu neno kwa neno, akabadilisha namba ya toleo, akaandika tarehe ya siku ile, akagonga muhuri. Dakika sita.

Halafu akaenda ukumbini, akawaambia watu sitini: "Plagini ni mgeni." Walimpigia makofi wakiwa wamesimama.

*

Kila Jumatatu asubuhi, wakati birika likichemka, Kufuli alisoma orodha ya misiba. Ilikuwa taarifa ya wiki ya plagini zilizokutwa na matundu, naye aliisoma kwa sauti ya mtangazaji wa vifo, mkono mmoja kifuani. Wiki sita baada ya tovuti ya Shangazi kufunguliwa, alianza kama kawaida.

"Tunasikitika kutangaza kifo cha plagini ya kuhesabu wageni, kilichotokea baada ya kuugua kwa muda mrefu bila kusasishwa. Mazishi ni leo." Wakacheka. "Tunasikitika pia kuwatangazia msiba wa plagini ya kupanga miadi, ambayo mwenyewe aliiuza miezi minane iliyopita. Wanunuzi, ambao hawajulikani, wameiwekea kipande kinachotuma nakala ya kila—"

Sauti ikakatika.

"Ya kila nini?" bosi aliuliza, kijiko kikiwa hewani.

"Ya kila fomu," Kufuli alisema, sasa kwa sauti yake ya nyumbani. "Inatuma nje. Haituhusu."

Akakaa. Mchoraji aliinua macho kutoka kwenye kazi yake. "Si ndiyo ile ya zahanati?"

"Ile ni toleo jingine."

"Ah." Mchoraji akarudi kwenye kazi yake. Hakuuliza tena, na kutouliza kule kulimuwasha Kufuli kama upupu.

Aliiondoa plagini kimyakimya kwenye tovuti ya zahanati, akabadilisha nywila zote, kisha akafungua kumbukumbu za seva, pale panapoandikwa kila kilichoingia na kila kilichotoka. Alihesabu kwa kidole kwenye skrini kama mtoto wa darasa la kwanza. Wanawake arobaini na mmoja. Kila mmoja aliandika jina, namba ya simu na shida yake. Shangazi alipata nakala yake, na mtu mwingine, asiyejulikana hata nchi yake, alipata ya kwake. Hakuzisoma zile barua. Hilo alijisifia kwa muda kama nusu dakika, kisha akaona aibu kwamba ndicho kitu pekee kilichobaki cha kujisifia.

Akavuta droo, akaitazama fomu. Mwandiko mzuri, muhuri umenyooka. Kwenye swali la pili, bado iko mikononi mwa yuleyule, alikuwa ameandika: ndiyo. Swali lile alilibuni yeye mwenyewe. Ukumbini alilitaja, akasema wengi hulisahau, na mtu wa mstari wa mbele aliliandika kwenye daftari.

Shetani wa aibu ni mshauri mzuri, ana hoja. Plagini imeshatoka, tundu limezibwa. Ukisema, wanawake arobaini na mmoja watakosa usingizi bure. Ukinyamaza, nani atajua? Kufuli alimsikiliza mshauri huyo kutwa nzima, na Jumanne akaenda zahanati ya Shangazi, kumsalimia tu, alijiambia. Atazame hali.

*

Kwenye dirisha la mapokezi alikaa Shangazi mwenyewe, miwani imeteremka puani, akiandika kadi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Pita huku nyuma, mimi siku hizi ni mkunga na karani."

"Karani anaumwa?"

"Nimemrudisha nyumbani tangu wiki iliyopita." Akasubiri mama mmoja apite na mtoto, kisha akashusha sauti. "Kuna mgonjwa wangu alipigiwa simu na mtu asiyemjua. Anamwambia shida yake yote, neno kwa neno, na kumtisha kwamba atamwambia mumewe. Maneno hayo alinieleza mimi tu. Hapa tunaoyaona ni wawili, mimi na yule binti. Mimi najijua."

"Yeye amesema nini?"

"Analia. Anaapa. Wote huapa." Shangazi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti lake jeupe. "Miaka saba yuko na mimi. Nimemzalisha watoto wawili. Inauma, lakini zahanati ya kina mama yenye mdomo, ni afadhali ifungwe."

Kufuli alishika ukingo wa meza. Karani yule alimjua vizuri, mwanamke mwembamba aliyekuwa akimwekea kiti na kumtania kwamba shati lake halijapigwa pasi. Mshauri wa jana alikohoa, akataka kusema kitu. Ulimi wa Kufuli, ambao siku zote ulikuwa mwepesi kuliko miguu yake, ulikuwa umeganda kama uji wa jana.

"Shangazi, funga dirisha kidogo."

"Kuna watu."

"Funga, tafadhali."

Alimweleza. Alianza vibaya, akaanza na wanunuzi wasiojulikana, na yule bwana wa mbwa aliyeuza, na jinsi ambavyo dunia nzima imeingia mkenge uleule. Shangazi alimsikiliza kama anavyowasikiliza wanaume wanaoleta wake zao wamechelewa, bila kutikisa kichwa.

"Barua za wagonjwa wangu zimesomwa na nani?"

"Sijui."

"Ngapi?"

"Arobaini na moja."

"Na wewe uliniambia umekagua."

"Nilikagua. Mwaka juzi. Niliichukua karatasi ya mwaka juzi, nikaandika tarehe ya siku ile."

Nje ya kioo mtu aligonga kwa ukucha. Shangazi hakugeuka.

"Mimi," alisema polepole, "mama akija hapa na mimba, nikachukua presha niliyompima mwaka juzi, nikaiandika kwenye kadi ya leo, halafu akafa mezani. Utaniitaje?"

Kufuli alikuwa na vichekesho zaidi ya mia kuhusu watu wanaojaza fomu bila kukagua, vyote vya kutunga mwenyewe, na pale kila kimoja kilimrudia na jina lake.

"Ulikuwa na nini siku hiyo? Ulikuwa mgonjwa?"

Hapo ndipo palipomshinda zaidi. Angetoa chochote iwe kweli alikuwa mgonjwa. "Nilialikwa kuzungumza," alisema. "Kuhusu ukaguzi."

Shangazi alimtazama, na mdomo wake ukacheza kidogo, kama mtu anayetaka kucheka msibani. Haukufika kwenye kicheko.

"Mficha uchi hazai," alisema, akasimama. "Chukua kiti kile. Kaa hapo nyuma yangu."

Alifungua mtoto wa meza kwa ufunguo wa shingoni, akatoa daftari, akaanza kupiga simu. Alipiga moja baada ya nyingine mchana ule wote, na wa kesho yake, katikati ya wagonjwa, na Kufuli alitakiwa kukaa na kusikia. Upande wa pili wa simu hakuusikia, alisikia wa Shangazi tu. "Mwanangu, ni mimi mkunga wako. Ile barua uliyoandika kwa simu imeonwa na mtu mwingine. Hapana, si wewe, ni kosa la kwetu. Mtu akikupigia akakutisha, usimpe kitu, usimjibu, njoo kwangu." Kimya. "Una haki ya kukasirika. Kasirika." Kimya kirefu. "Nipo, nakusikia."

Kosa la kwetu. Mara arobaini na moja Kufuli alingoja Shangazi aseme la kwake, amtaje, amwonyeshe kidole, angalau apumue. Hakusema. Alilibeba na yeye, kama alivyombebea begi siku ya kwanza ya shule mpya.

Simu ya mwisho ilipokatwa, Shangazi alivaa viatu vya kutokea. "Bado mmoja," alisema. "Huyo hapigiwi. Huyo anafuatwa."

*

Karani alikuwa uani kwake akianika nguo. Alipowaona, hakuacha kazi. Alichukua shuka, akalikung'uta, akalitandaza kwenye kamba katikati yake na wao, ikawa wanazungumza na shuka.

Shangazi alitangulia. Alisema, "Nimekukosea," akasema na kwa nini, kwa maneno machache, kisha akamtazama Kufuli. Zamu yake.

Kufuli alisema yote, akiwa ameegemea nguzo ya kamba, macho kwenye beseni. Nilinakili karatasi. Niliandika tarehe ya uongo. Nilijua tangu Jumatatu asubuhi, na nilipofika zahanati sikuja kusema, nilikuja kuchungulia.

Shuka lilitulia. Karani akalisogeza kwa mkono.

"Unajua nimefanya nini hizi siku zote, kaka?" alisema. "Nimekagua mdomo wangu. Nimekaa pale jikoni nakumbuka siku moja moja. Jumatatu niliongea na nani. Sokoni nilisema nini. Nikamuuliza mume wangu kama huwa naongea usingizini." Akachukua kibanio, akakitazama. "Mpaka juzi nikaanza kuamini ni mimi. Nikasema labda nilisema, nimesahau tu."

"Nisamehe, dada."

"Nimesikia." Alimgeukia Shangazi. "Kesho saa ngapi, mama?"

"Saa mbili, kama siku zote."

"Benchi lile nalo lielezwe. Walioniona natoka na mfuko wangu walikuwa wengi."

"Nitawaeleza mimi mwenyewe," Kufuli alisema.

Karani alimpima kuanzia viatuni. "Njoo umepiga pasi," alisema, na haukuwa utani.

Akaenda. Saa mbili asubuhi alisimama mbele ya benchi, wanawake kumi na wawili na watoto wao, akasema kwamba mwenye makosa ni yeye, na aliyeko dirishani hana kosa. Alizungumza dakika mbili, bila kipaza sauti. Hakuna aliyepiga makofi. Mtoto mmoja alimuuliza mama yake, "Huyu mjomba amefanya nini?" na mama akamwambia, "Nyamaza, anasema."

*

Ofisini bosi alishika kichwa, akasema mambo kama hayo yangesubiri kesho, tuyapange vizuri, tuyatafutie lugha. Kufuli akamwambia yameshasemwa, lugha ilikuwa ileile ya kawaida. Kisha akatoa fomu kwenye droo, akaenda Makaburini na kuibandika katikati, penye nafasi kubwa. Ngazi ililalamika, mjumbe wa barua akaingia, akasimama kuangalia. Wenzake wakasogea. Wote walikuwa wakingoja wasifu, maana marehemu safari hii alikuwa mtamu.

Kufuli alisimama na kalamu nyekundu mkononi. Alitafuta sentensi. Alikuwa na mamia, na hakuna hata moja iliyokuwa na uso wa kutoka hadharani. Badala yake alinyoosha mkono juu ya ubao, akabandua karatasi ya maua yanayodondoka, iliyokwisha kujikunja pembe, akampa Mchoraji.

"Hii haikustahili," alisema. "Nilisema uongo pia, Jumatatu. Hakukuwa na toleo jingine."

"Nilijua," Mchoraji alisema. "Niliitazama palepale."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka kuona kama utasema."

Aliikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfukoni, hakuichana. Kisha akasoma fomu iliyo ubaoni tangu swali la kwanza mpaka la tisa, bila haraka, kidole kikitembea, kama Kufuli alivyokuwa akiwafundisha wafanye. Alipofika chini alinyoosha mkono bila kugeuka.

"Lete kalamu."

Kufuli akampa. Bosi akatabasamu kidogo, akijiandaa. Mchoraji akakata tarehe ya ile Alhamisi kwa mstari mmoja mnyoofu, na pembeni yake, kwa mwandiko wake mzuri wa mabango, akaandika tarehe ya miaka miwili nyuma. Akafunga kalamu, akamrudishia, akaenda kukaa.

Hakuna aliyecheka. Birika lilikuwa limechemka. Kufuli alifungua kopo la sukari, akaliacha wazi mezani, ufunguo akautia ndani ya droo pamoja na muhuri. Kisha akavuta karatasi mpya ya maswali tisa, akaandika juu yake jina la plagini ya shule ya udereva, ileile ya miadi, ambayo kwa miaka miwili hakuna aliyeikagua upya, akaanza na swali la kwanza.